Kipindupindu kikitulia, vibrio huenda wapi?

Mheshimiwa mwenyekiti, wataalamu wa maabara, maafisa afya wa mazingira, wauguzi, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Mlipuko wa kipindupindu ukitangazwa kwisha, kambi hufungwa, vitanda vyenye tundu katikati hurudishwa stoo na takwimu huingizwa kwenye faili. Bakteria mwenyewe, Vibrio cholerae, hana habari na tangazo hilo. Yuko majini, anakula, anapigana na majirani, anachukua mali za waliokufa. Nitazungumza zaidi juu ya maisha yake hayo ya huko nje, kwa sababu tafiti za miaka 30 hivi iliyopita zimeonyesha kwamba silaha anazotuulia nazo nyingi si zake za asili. Ameziokota. Na sisi tuliozoea kumwona kwenye ndoo chini ya kitanda cha mgonjwa tunamfahamu nusu tu.

Vibrio cholerae ana aina zaidi ya 200 tukiwapanga kwa ganda lao la nje, yaani makundi ya O. Kati ya hizo, mbili tu ndizo zilizowahi kuleta milipuko mikubwa: O1 na O139. Waliobaki ni wakazi wa maji. Wanaweza kumharisha mtu mmoja hapa na mwingine pale, basi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: hawa wawili walipata nini ambacho ndugu zao hawana?

Tuanze majini. Chakula kikubwa cha vibrio huko ni kaitini, ile mali inayofanya gamba la kamba na kaa liwe gumu. Wanaombeba kwa wingi ni kopepodi, viumbe wadogo wa ukoo wa kamba, wengi wao hawafikii milimita 2. Kopepodi mmoja anaweza kubeba maelfu ya vibrio juu ya gamba lake. Hapo hujijengea utando wa sukari na protini unaowagandisha pamoja, na ndani ya utando huo klorini huwafikia kwa shida. Maji yakipoa au chakula kikiadimika, vibrio hunywea na kuwa kiduara kidogo. Yu hai, lakini hakubali kuota kwenye kioteshi chochote, yaani chakula cha kuoteshea bakteria maabarani. Rita Colwell na wenzake walihitaji miaka mingi kuwashawishi wanasayansi wenzao kwamba hali hiyo ipo kweli. Kwa afisa afya maana yake ni nyepesi: sampuli ya kisima iliyorudi na jibu la "hakuna kilichoota" haijathibitisha kwamba kisima kile hakina vibrio.

Kundi hilohilo la Colwell ndilo lililofanya jaribio la sari huko Bangladesh, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Jaribio lilihusu vijiji 65, na katika baadhi yake kina mama walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne. Bakteria mwenye urefu wa mikroni 2 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) anapita kwenye kitambaa hicho bila wasiwasi, kwa kuwa tundu zake ni kama mikroni 20. Asiyepita ni kopepodi, na abiria wake wananaswa pamoja naye. Kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Sari ilitakiwa iwe kuukuu kwa sababu nyuzi zilizofuliwa mara nyingi hulegea na kujaza nafasi. Kitambaa kipya hakichuji vizuri. Hii haiondoi haja ya klorini. Inaonyesha tu kwamba ukijua mtu amepanda gari gani, unaweza kulizuia gari.

Sasa nije kwenye kuokota.

Mwaka 2005 watafiti wa maabara ya Gary Schoolnik walionyesha kwamba vibrio akikaa juu ya kaitini huwasha jeni za kumeza DNA iliyo huru majini. Akiwa kwenye mchuzi wa kawaida wa maabara hafanyi hivyo, ndiyo maana jambo hili lilifichika miaka yote hiyo. Mmoja wa watafiti hao, Melanie Blokesch, aliendelea na kazi hiyo Uswisi, na mwaka 2015 yeye na wenzake wakaonyesha upande wa pili. Kaitini ileile inayofungua mdomo wa vibrio humpa pia amri ya kuchomoa mkuki. Ni mkuki kweli, bomba la protini linalofyatuka kutoka ndani ya seli na kutoboa seli ya jirani. Jirani akipasuka, DNA yake inamwagika, na vibrio anaimeza. Kwa hiyo hangoji maiti, anaua kwanza kisha anarithi. Mkuki huo wenyewe ulitambuliwa mwaka 2006, watafiti walipochunguza jinsi vibrio anavyoua ameba wanaotaka kumla.

Kuna tukio la kweli linaloonyesha hasara ya tabia hii kwetu. Mwaka 1992, kusini mwa India na kisha Bangladesh, kulizuka kipindupindu ambacho kipimo cha O1 hakikukitambua. Watu wazima, ambao katika maeneo hayo huwa na kinga inayotokana na kuugua mara kwa mara, waliugua kama watoto. Alikuwa yuleyule vibrio wa O1 aliyebadilisha jeni za ganda lake na kuvaa ganda jingine, O139. Baadaye maabara zilionyesha kwamba mabadiliko hayo yanaweza kutokea kwa kumeza DNA juu ya kaitini, kwa hatua moja.

Na sumu? Hiyo nayo aliletewa, tena na virusi. Mwanasayansi wa Calcutta, S. N. De, alithibitisha mwaka 1959, kwa kutumia vipande vya utumbo wa sungura vilivyofungwa, kwamba kinachomwaga maji ni sumu inayotolewa na bakteria. Ilichukua miaka mingine 37 kujua jeni za sumu hiyo zimetoka wapi. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walieleza kwamba zimebebwa na kirusi mwembamba kama uzi anayeambukiza bakteria, na kirusi huyo huingia kwa kushika nywele fulani juu ya vibrio. Nywele hizo ndizo vibrio anazotumia kukaa kwenye utumbo wetu. Yaani ndoano ya kutushika sisi ni mlango wa kupokelea sumu. Asiye na ndoano hapati sumu. Ndiyo sababu vibrio wengi wa mtoni hawatudhuru.

Mtu akimeza vibrio, kizuizi cha kwanza ni tindikali ya tumbo. Kwa mtu mwenye afya na tumbo tupu, watafiti waliowajaribu watu wa kujitolea walihitaji bakteria milioni 100 hivi ili waugue. Tindikali ilipopozwa kwa bikaboneti, elfu 10 mpaka milioni moja walitosha. Chakula kinapooza tindikali vilevile, na dawa za vidonda vya tumbo pia. Ukimhoji mgonjwa, uliza kuhusu dawa hizo.

Aliyesalimika tumboni hufika utumbo mwembamba, hupenya ute na kujishika. Hapo chumvi za nyongo ni mojawapo ya dalili zinazomwambia amefika. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba bakteria mmoja wa kawaida wa tumbo, Blautia obeum, huvunja chumvi hiyo ya nyongo na kumnyima vibrio taarifa. Huenda hii ni sehemu ya sababu nyumba moja inakunywa kisima kimoja, mmoja akaugua na mwingine akatembea zake.

Sumu ina sehemu sita: tano za kushika ukuta wa seli na moja ya kuingia ndani. Ile inayoingia hubana swichi ya seli ikabaki imewashwa, kloraidi ikafunguliwa kumwagika, maji yakafuata chumvi. Seli haifi, utumbo hautoboki, damu haitoki; kinachotoka ni maji kama yale yaliyooshea mchele, na mtu mzima mahututi anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Vibrio anapata faida gani? Watu wengi hujibu kwamba anasafirishwa nje, na ni kweli. Lakini mwaka 2019 ilionekana pia kwamba sumu hiyo hulazimisha utumbo kuachia mafuta na madini ya chuma ambayo vibrio hula. Anajikamulia.

Wakiwa wachache, hutoa ndoano na sumu. Wakizidi kuwa wengi hutambuana kwa kemikali wanazomwaga, huzima sumu, hutoa vimeng'enya vya kujibandua, na kuondoka na kinyesi. Bakteria wengi wanaosababisha magonjwa hufanya kinyume, husubiri wawe jeshi ndipo washambulie. Huyu akiwa jeshi tayari anafunga safari.

Na anapotoka ndipo alipo hatari zaidi. Mililita moja ya kinyesi cha mgonjwa mahututi ina vibrio milioni 10 hadi bilioni 1, na kwa saa chache baada ya kutoka huambukiza kwa urahisi mkubwa kuliko wale walioota maabara. Jambo hili lilichapishwa mwaka 2002 kutokana na vinyesi vya wagonjwa wa Dhaka. Baadaye huanza kuzoea maji na makali hayo hupungua. Kwa hiyo anayeosha shuka za mgonjwa leo na kupika leo ni hatari kuliko mto ulioko kilomita 2. Timu inayofika kwenye nyumba baada ya siku tatu na pampu ya kunyunyizia imefika baada ya msafara kupita.

Hesabu za klorini basi, maana hapa ndipo tunapoharibu. Kwa unga wa HTH, yaani klorini ya unga, wa asilimia 70 na maji lita 10: gramu 7 hutoa asilimia 0.05, ya mikono. Gramu 30 hivi hutoa asilimia 0.2, ya sakafu, vitanda na vyoo. Gramu 300 hivi hutoa asilimia 2, ya kinyesi, matapishi na maiti. Ndoo ya mgonjwa iwekewe dawa ya asilimia 2, kina cha sentimita 1 hivi, kabla ya kutumika. Makosa ninayoweza kuyataja ni matatu. La kwanza, kunyunyizia klorini juu ya uchafu uliojaa: uchafu unaila klorini na vibrio anabaki. La pili, unga wa mwaka juzi uliofunguliwa mfuniko, ambao hauna tena asilimia 70, hivyo hesabu zote zinakuwa za uongo. La tatu, dawa ya mikono ya jana. Itengenezwe kila siku. Na asiichanganye mtu na asidi ya kusafishia choo, gesi yake inaua.

Kwa maji ya kunywa, dawa ya asilimia 1.25 hutiwa mililita 3 kwenye ndoo ya lita 20, sawa na miligramu 1.9 hivi kwa lita, na kusubiri dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza, kisha kipimo kiwe mara mbili. Kwenye bomba la mtaani wakati wa mlipuko tunataka klorini huru ya miligramu 1 kwa lita, na kwenye boza linapojazwa miligramu 2. Boza lililopimwa kiwandani tu halijapimwa. Lipimwe na pale linapomimina.

Kwa wauguzi nitasema machache, mnayajua. Mgonjwa wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji dripu ya chumvi, Ringer lactate, mililita 100 kwa kilo, yaani lita 6 ndani ya saa tatu: lita 1.8 katika nusu saa ya kwanza, lita 4.2 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtoto chini ya mwaka hupewa kwa mwendo wa polepole, mililita 30 kwa kilo ndani ya saa moja na 70 ndani ya saa tano. Dextrose ya asilimia 5, dripu ya sukari, peke yake haina chumvi, haimwokoi. Na wengi hufa baada ya "kupata nafuu", kwa sababu mapigo yamerudi, dripu imepunguzwa, na hakuna aliyepima kilichomo kwenye ndoo.

ORS, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, hufanya kazi kwa sababu sumu haigusi mlango unaopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja. Lita 1 ya ORS ina chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloraidi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Sukari ikizidi huvuta maji kuelekea utumboni na kuharisha kunaongezeka. Kwa hiyo pakiti ya lita 1 isikorogwe kwenye nusu lita eti iwe na nguvu. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, Dilip Mahalanabis alipoishiwa dripu aliwapa watu maji haya, vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hivi hadi 3.6.

Antibiotiki hupunguza wingi na muda wa kuharisha, ila haichukui nafasi ya maji. Nazigusa kwa sababu nyingine.

Mwaka 2017 François-Xavier Weill wa Institut Pasteur na wenzake walisoma jenomu 1,070 za vibrio O1 kutoka nchi 45 za Afrika, zilizokusanywa kwa miaka 49. Jibu liliwashangaza waliodhani kwamba kila ziwa letu linajitengenezea kipindupindu chake: aina ya gonjwa hili la saba, yaani wimbi la saba la kipindupindu duniani, lililoanzia Sulawesi nchini Indonesia mwaka 1961, imeingia Afrika angalau mara 11, na kila ikiingia huweza kuzunguka miaka mingi, hata 28. Zilizoingia mwisho zilitoka Asia zikiwa tayari sugu kwa dawa nyingi. Mto na ziwa humtunza, lakini anayemleta mpya ni binadamu. Mwaka 2019 kundi hilo lilionyesha kwamba vibrio aliyeichoma Yemen alipitia Afrika Mashariki kabla ya kufika huko.

Kisha safari ikageuka. Huko Yemen, katika miaka ya 2018 na 2019, vibrio huyo aliokota plazimidi, kipande cha DNA cha duara kinachohama kutoka seli hadi seli wakati zimeshikana. Hili halikutarajiwa, maana vibrio wa gonjwa la saba huwa hakai na plazimidi; mwaka 2022 maabara ya Blokesch ilieleza mifumo miwili ya ulinzi ndani yake inayozitafuta na kuziangamiza. Hii imekaa. Ripoti ya Desemba 2024 iliifuatilia aina hiyo kutoka Yemen hadi Lebanoni mwaka 2022, Kenya mwaka 2023, kisha Tanzania, Komoro na Mayotte mwaka 2024. Ni sugu kwa antibiotiki 10, zikiwemo azithromycin na ciprofloxacin. Kati ya dawa tatu zinazopendekezwa, iliyobaki ni doxycycline, miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima. Ikiokota na jeni ya kuikataa hiyo, hakuna tena dawa ya kumeza mara moja. Kuwagawia majirani wote antibiotiki "kwa kinga" ndiyo njia ya haraka ya kuifikisha huko. Anayepewa bila kuugua anawachuja vibrio wake na kubakisha sugu.

Vibrio ana adui mwingine tusiyemlipa mshahara. Ni virusi wanaomla, tofauti na yule aliyemletea sumu. Mwaka 2005 ilionekana Dhaka kwamba mlipuko huzimika virusi hao wanapojaa majini. Vibrio amejitengenezea kinga dhidi yao, nao mwaka 2013 wakakutwa na mkasi wa DNA, ule mfumo wa CRISPR tuliouzoea kwa bakteria, wakiutumia kukata kinga hiyo. Kwa maabara jambo hili lina sura ya kero: kinyesi chenye virusi wengi, au cha mgonjwa aliyekwishameza vidonge vya duka la dawa, kinaweza kutoa jibu hasi ilhali kipindupindu kipo.

Basi sampuli. Ichukuliwe kabla ya antibiotiki, iingizwe kwenye Cary-Blair, kioteshi cha kusafirishia, isafirishwe kwa joto la kawaida. Friji inaua vibrio, na sampuli nyingi hufia humo kwa nia njema. Maabarani itiwe kwenye maji ya peptoni yenye pH 8.4 hadi 8.6, nyuzi 35 hadi 37, kwa saa 6 hadi 8. Ukiiacha usiku kucha bakteria wengine wanamzidi. Chota juu kabisa ya maji, yeye hupenda hewa. Panda kwenye TCBS, kioteshi teule cha vibrio; baada ya saa 18 hadi 24 utaona makundi ya manjano ya milimita 2 hadi 4. Kipimo cha oksidesi usikifanye moja kwa moja kutoka TCBS, kitakudanganya. Hamishia kwanza kwenye kioteshi cha kawaida, ndipo ufanye hicho na cha kuganda cha kutambua O1 na aina zake ndogo, Ogawa na Inaba.

Mkishapata jibu, msitupe sahani. Pimeni doxycycline au tetracycline kwa kila kundi la sampuli za mwanzo wa mlipuko, za katikati na za mwisho, kisha hifadhini vibrio kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi 70 chini ya sifuri, na lebo iwe na tarehe, mahali na dawa alizokuwa amekunywa mgonjwa.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wale wa maabara za wilaya wasio na friji ya nyuzi hizo.